Maneno Kumi na Mawili Niliyowapa Ng'ombe

Jibu la barua hii lilipelekwa kwa mkono na kumfikia mwandishi kabla ya Jumapili aliyoitaja. Tunazichapisha zote mbili sasa, kwa ruhusa ya familia, wakati haziwezi tena kumdhuru mtu. Majina yote, ya watu na ya ng'ombe, tumeyabadilisha.

*

Mpendwa mshauri Mama Imakulata,

Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umelala tangu kiharusi cha mwaka jana, na kila mstari unanichosha kama nimelima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, naishi Usevya, kwetu ni Usukumani, nilikuja huku Mpimbwe na mume wangu Mwandu na ng'ombe wetu watoto wakiwa bado wadogo. Mwandu amekwisha kutangulia. Mtoto wetu wa kwanza, Amosi, naye alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa figo, akaacha mke, Aneth, ambaye ni binti wa hapa hapa Usevya, na watoto wawili. Aneth ndiye ananiuguza.

Amosi alikuwa na kazi ya kompyuta mjini Mpanda, akitengeneza programu za watu wa nje, na wale watu hawakumlipa kwa benki, walimlipa kwa sarafu za kidijitali, hizi wanazoita bitikoini. Sikuielewa vizuri, lakini alinieleza hivi: fedha haziko ndani ya simu, simu ni dirisha tu, ikiharibika au ikiibiwa unaweza kuzifungua kwenye simu nyingine yoyote mradi uwe na maneno kumi na mawili ya Kiingereza, kwa mpangilio wake, na mtu mwingine yeyote akiyapata hayo maneno naye atazifungua vile vile na kuzichukua, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Akaniambia, "Mama, nataka yawepo sehemu mbili. Mimi nimeyaandika yangu. Wewe nikuandikie?" Nikamkatalia. Mama Imakulata, vyeti vyangu vya ualimu viliisha na mchwa, picha za harusi yangu ziliungua na nyumba ya nyasi, na sanduku la chuma tulilonunua baada ya hapo liliibiwa na kila kilichokuwemo. Nikamwambia mwanangu, "Nimekaririsha watoto wa watu vitenzi vya Kiingereza miaka yote, mimi mwenyewe nishindwe na maneno kumi na mawili?" Akacheka, akasema, "Basi kichwa chako ndicho sanduku. Lakini usimwambie mtu yeyote, mpaka siku Aneth na watoto watakapozihitaji. Ni za kwao."

Sasa nikueleze nilivyoyakariri, maana hapo ndipo nilipojivunia na hapo ndipo nilipokosea. Zizini tulikuwa na ng'ombe kumi na wawili. Nikawabadilisha majina, kuanzia mkubwa kwa umri mpaka ndama wa mwisho, kila mmoja neno lake. Mwandu alinishangaa sana, akasema, "Wewe mwanamke, ng'ombe anaitwa kwa rangi yake au kwa pembe zake, sio kwa masomo!" Lakini wachungaji walizoea. Ukipita njia ya bondeni jioni ulikuwa unasikia, "Blanketi! Wee Blanketi, toka kwenye mpunga wa watu! Pensili, mrudishe mwenzako!" na mimi nimekaa barazani nachambua mchele, nawahesabu wanavyoingia, mkubwa hadi mdogo, na maneno ya mwanangu yanapita mbele ya macho yangu na hakuna hata mmoja anayejua. Nilifurahi mno. Nilijiona nina akili kuliko wezi wote wa dunia hii.

Amosi alipofariki simu yake ilipotea kwenye msiba, na kile chumba alichopanga Mpanda mwenye nyumba alikitoa vitu, karatasi zikachomwa kabla hatujafika. Kwa hiyo ikabaki mimi tu. Ningemwambia Aneth siku ile ile baada ya matanga, lakini nilisema ngoja kwanza machozi yakauke, na machozi yalipokauka nilisema ngoja tuvune, halafu kikaja kiharusi.

Nilipozinduka hospitalini jambo la kwanza nililofanya ni kuwahesabu. Mama Imakulata, hawakutimia. Wengi wa wale ng'ombe hawapo tena, wengine tuliuza kwa ajili ya matibabu ya Amosi, lakini majina yao yalikuwa yamebaki, na sasa hayakubaki yote. Wa nane na wa tisa nawakumbuka kwa majina, ila walizaliwa wiki moja na sijui tena nani alimtangulia mwenzake. Wa kumi na moja simkumbuki kabisa. Alikuwa ndama dhaifu, homa ya ndigana inayoletwa na kupe ilimuua mapema mno, hatukupata hata muda wa kumzoea kumwita. Naona alivyokuwa, mwekundu na doa jeupe pajani, lakini jina halipo. Nimelitafuta tangu mwaka jana, nimelitafuta mpaka nalia.

Na hapa ndipo penye dhambi yangu. Sikumwambia mtu kwamba nimesahau. Kibaya zaidi, nilisema kwamba ninakumbuka. Siku moja walikuja ndugu wa mume wangu kuniona, wakakaa wanazungumza juu ya kichwa changu kama vile sipo, mgonjwa huyu atalishwa na nani, hii nyumba itakuwa ya nani, nikachukia, nikasema kwa huu mdomo uliopinda, "Amosi aliacha mali, na mali hiyo imo humu," nikagonga kichwa kwa kidole. Tangu siku hiyo sijawahi kukosa mgeni. Naletewa sukari, naletewa kuku, naulizwa kama godoro ni laini. Na mimi, Mungu anisamehe, nimefurahi. Nimekuwa mtu tena. Nimeogopa kwamba siku maneno yakinitoka nitakuwa mzigo wa kugeuzwa ubavu huu na ule, na siku wakijua hayajatimia nitakuwa mzigo na mwongo juu yake.

Anayekuja zaidi ni Selestine, mtoto wa shemeji yangu. Anaingia na viatu vyake vinavyong'aa, ananiamkia kwa Kisukuma na kuniita mama, "Mwadila, mayu. Kichwa kinaendeleaje?"

"Kichwa kipo. Mguu ndio haupo."

"Mguu sio shida, mayu. Tulinde kichwa."

Wiki iliyopita amekuja na simu, ameiweka sauti ya juu, ndani yake yupo mtu anayeitwa mtaalamu, yuko Dar, anasema, "Mama, ukikosea mara tatu inajifunga milele, hata mimi siwezi kukusaidia. Kwa hiyo unayataja kwangu, mimi ndio nayaweka, na kama kuna lililopotea mashine yangu inalijaza." Selestine ameitisha kikao cha ukoo Jumapili hii baada ya misa. Mtaalamu atakuwa kwenye simu, nitayataja mbele ya wazee wote, ati ili kila mtu awe shahidi. Wameshakubaliana nani atachinja mbuzi.

Na Aneth? Aneth hajawahi kuniuliza. Ndugu wanasema pembeni kwamba yeye ndiye alificha simu ya Amosi msibani, amekula fedha peke yake, na mimi nimewasikia na sijafungua mdomo kumtetea, kwa sababu ningemtetea wangeuliza nimejuaje. Amesimamisha shule ya mtoto mkubwa. Anapalilia mpunga wa watu kijiji cha Mamba, anarudi, ananiosha, ananilisha uji. Juzi kijiko kilitetemeka mdomoni, upande mmoja ukafa ganzi kwa muda kisha ukarudi. Akaniambia, "Mama, hao wageni wanakuchosha. Nikiwaambia warudi nyumbani utanikasirikia?" Nikamwambia aache wageni waje.

Daktari alinionya kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuchukua sauti. Ile ganzi naijua ni nini. Sasa niambie, nikubali kikao cha Jumapili na huyo mtaalamu ajaze neno lililopotea? Nimwambie Aneth, na nikimwambia si nitakuwa nimempa kitu kibovu kisichofunguka pamoja na maadui wa kumsumbua? Au ninyamaze, yafe na mimi, ugomvi uishe? Nimeyaandika yale ninayoyakumbuka kwenye karatasi ya pili, pengine wewe umesoma kuliko mimi, ukiyaona utalijua linalokosekana. Barua hii ataileta Ambrosi, katekista wetu, anayeniletea komunyo. Hajui kilichomo.

Mimi, mwalimu mstaafu,
Usevya

[Karatasi ya pili ya barua hii haichapishwi.]

*

Shikamoo, Mwalimu.

Nimeanza na heshima yako kwa sababu yanayofuata hayatakupendeza.

Karatasi ya pili nimeichoma jikoni kwangu. Sikuisoma zaidi ya mstari wa kwanza, na huo mmoja nautafutia dawa ya kuusahau. Mwalimu, umemkatalia mwanao wa kumzaa asikuandikie, umemficha mkwe anayekuosha, halafu umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe na kuyatuma kwa mwanamke wa gazetini ambaye hujawahi kumwona! Unajua mimi nina madeni gani? Unajua bahasha ilipita kwa nani kabla haijafika mezani kwangu? Usinijibu. Nataka tu uone kwamba siri uliyoilinda miaka yote umeitoa kwa mtu wa mbali kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumtazama Aneth usoni.

Pole kwa ugonjwa. Pole kwa Amosi. Hayo nayasema kwa moyo wangu wote. Sasa tufanye kazi, muda ni mdogo.

Nimemwuliza mtu anayezijua sarafu hizi, bila kutaja jina lako wala kijiji chako. Amenijibu mambo ambayo ungeyajua mwaka jana kama ungeuliza. Kwanza, huyo mtaalamu wa Dar ni mwongo. Maneno ya kurejesha hayajifungi kwa kukosea. Ukiyaweka vibaya, simu inakwambia si sahihi, au inafungua pochi ya sarafu isiyo na kitu, unajaribu tena, hata mara mia. Kwa hiyo wale ng'ombe wako wa nane na wa tisa waliozaliwa wiki moja wasikunyime usingizi. Unaweka huyu mbele. Ikikataa, unaweka yule. Pili, huhitaji mashine ya mtu kulijaza la kumi na moja. Maneno haya yote hutoka kwenye orodha moja inayojulikana duniani, maneno elfu mbili na arobaini na nane, hayazidi, ya kawaida tu, kama ya kitabu cha darasa la sita. Orodha yenyewe si siri. Nimeichapa na kuifunga pamoja na jibu hili. Wewe ni mwalimu wa Kiingereza. Kulitoa neno kichwani gizani ni kazi ngumu, lakini kulitambua likipita mbele ya macho ni kazi nyingine kabisa. Isome taratibu na ndama wako akiwa mbele yako, mwekundu mwenye doa pajani, usimame kila neno linalomfaa. Na usipolitambua, yule anayejua anasema kompyuta isiyounganishwa na mtandao inaweza kuyajaribu yote moja baada ya jingine. Kuna njia. Lakini njia hiyo inahitaji mtu wa kuishika wakati wewe huwezi kuishika tena.

Usidhani nalaumu kule kukariri. Nakupongeza. Mwizi alibeba sanduku lako, mchwa alikula vyeti vyako, moto ulichoma picha zako, na maneno haya yakapona yote hayo. Mtu anayekimbia nyumba inayoungua hubeba kichwa chake. Kosa lako lilikuwa kuamini kwamba kichwa hakiungui. Kilikuwa kifaa kizuri cha kuweka nakala ya pili. Wewe ukakiacha kiwe nakala pekee, kisha ukawa mzee, kama tutakavyokuwa sote. Na njia uliyoichagua ilikuwa nzuri mpaka ng'ombe walipokufa. Jina lisiloitwa husahaulika, tena majina hayo wachungaji wako waliyapigia kelele bondeni kila jioni. Kama mpita njia mmoja angejua unachofanya, angekaa na kalamu tu.

Kikao cha Jumapili hakipo. Sisemi uahirishe, nasema hakipo. Ukitaja maneno yale mbele ya simu ya huyo mtu, fedha za wajukuu wako zitaondoka kabla mbuzi hajaiva, na hakuna mzee hata mmoja kati ya mashahidi wale atakayejua zimeenda wapi. Selestine akija Jumapili na viatu vyake na wazee wake, kuhusu mali mwambie hivi na usiongeze neno: "Mali ya Amosi ni ya mke wake na watoto wake, naye aliniambia hivyo kwa mdomo wake." Mbele ya wote, uliseme. Useme pia kwamba Aneth hakuficha simu. Umesikia anatukanwa ukanyamaza ili usiulizwe; sasa uulizwe. Katekista Ambrosi akae karibu nawe siku hiyo, na mwenyekiti wa kitongoji pia kama anapatikana. Na wewe Selestine, wa Usevya au wa kijiji chochote, ukijiona humu siku tutakapoichapisha, jua tumekuona.

Leo hii umwambie Aneth. Yeye peke yake. Aandike kwa kalamu, kwenye karatasi, siyo kwenye simu, asipige picha, asimtumie mtu yeyote, hata kaka yake. Namba moja mpaka kumi na mbili, ya kumi na moja aache wazi, na ya nane na ya tisa aziwekee alama. Mkishalipata neno lililobaki na pochi ikafunguka, msikae nayo hata siku moja. Afungue pochi mpya yenye maneno mapya, ahamishie kila kitu humo. Yale ya zamani yamekwisha kunifikia mimi na yamesikiwa na bonde zima. Hayafai tena kulinda kitu. Hayo mapya ayaandike nakala mbili, kila moja mahali pake, mbali na mwenzake, pasipofikika na mchwa wala moto. Akitaka kuyakariri pia, ayakariri. Wewe usiyajue. Nasema usiyajue kabisa, ili asiwepo mtu wa kuja kukugonga kichwa kwa kidole.

Nasikia unavyosema: basi nitabaki na nini?

Hilo ndilo swali lako, Mwalimu, hayo mengine yote umeyazungushia tu. Ulionja sukari na kuku ukaona ndiyo heshima. Nikuambie jambo utakalolichukia leo. Wale wanaokuja kwa ajili ya maneno wataacha kuja, na hutawaona tena hata wakipita njia ya mbele ya nyumba. Itakuuma. Waache waende. Kisha uangalie nani amebaki chumbani. Aneth amekuosha mwaka mzima bila kujua kama una neno hata moja kichwani mwako. Hajaja kwa ajili ya kilichomo. Hakuna mgeni wako mwingine unayeweza kusema hivyo juu yake, na wewe ndiye uliyemfanya afanye kibarua Mamba mtoto wake amekaa nyumbani.

Atakasirika. Usimzuie, usilie ili akuhurumie, usianze na kiharusi wala na Mwandu. Ana haki ya kukasirika, na mwache atoke nje akitaka. Mwombe msamaha mara moja, kwa ufupi, kama mtu aliyesoma. Halafu sema kile ambacho hujawahi kumwambia mtu yeyote: "Nimesahau moja." Ukishalisema hilo, mengine kumi na moja ni mepesi.

Ile ganzi mdomoni haikusubiri ruhusa ya kikao na haitasubiri gazeti. Wakati unausoma mstari huu bado una sauti. Acha kusoma, mwambie Ambrosi aliyekuletea jibu hili akuitie Aneth, kisha yeye atoke nje na afunge mlango. Anza na la kwanza.

Mama Imakulata